Upepo wa ubavuni: ushauri kwa anayetua na ndege ndogo Ufipa

Kila kiangazi kinapokolea, maswali ni yale yale. Vijana wanaojifunza urubani wanauliza: upepo wa kiasi gani ni mwingi mno kwa Cessna kutua Sumbawanga? Wakazi wa Izia na mitaa ya jirani nao wana lao: mbona ile ndege ndogo ilishuka mpaka tukayaona magurudumu, kisha ikanguruma, ikapanda na kutokomea upande wa Mpanda? Waliokuja kumpokea mgeni huuliza hilo hilo kwa sauti ya juu zaidi.

La pili lina jibu fupi. Rubani aliona upepo wa ubavuni unamzidi, akaghairi. Alifanya kazi anayolipwa kuifanya. La kwanza ndilo refu, kwa sababu anayetaka namba moja ya kutia mfukoni hataipata. Kuna utaratibu, nao unaanza injini ikiwa bado imezimwa. Sehemu kubwa ya makala hii nawaandikia marubani wenye saa chache kwenye daftari lao. Mwishoni nina maneno kwa abiria na kwa wanaokodi ndege, maana shinikizo la kutua kwa lazima mara nyingi linatoka kwao.

Ufipa na Dar es Salaam ni hewa mbili

Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 5,900 hivi. Hewa huku ni nyepesi. Siku yenye joto la nyuzi 25, ndege inaruka kana kwamba iko futi 8,500. Kipima mwendo kikisoma noti 65, mwendo wako halisi ni kama noti 74 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa). Macho yatakuambia unakwenda kasi mno na mkono utataka kupunguza. Usiuruhusu, fuata kipima mwendo. Ila ukishagusa chini, kumbuka kwamba breki zako zina kazi zaidi kwa asilimia 20 na ushee kuliko zingekuwa nayo pwani.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unatawala, na uwanda huu ulio wazi hauna cha kuuzuia. Alfajiri hutulia. Jua likishapanda na ardhi ikapata moto, upepo wa juu unashuka kuchanganyika na wa chini, na kufikia adhuhuri unapiga kwa mivumo ya ghafla. Milima ya Mbizi iko pale pale juu ya mji, na nyuma yake ardhi inaporomoka kwa takribani mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Upepo unaovuka mgongo wa milima hufika upande wa pili ukiwa umevurugika: mara unakuinua, mara unakukandamiza. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, una balaa lake, nitalitaja mbele.

Halafu kuna suala la barabara ya kurukia. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una barabara mbili zenye mielekeo tofauti, 07/25 na 14/32. Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, una 05/23 na 14/32. Upepo ukikukatalia moja, unaomba nyingine. Viwanja vyetu vingi vya mikoani vina barabara moja tu, na upepo haukuulizwa ilipochorwa.

Hesabu ya kufanya kabla ya kuwasha injini

Upepo unaokuhusu ni ile sehemu yake inayokupiga ubavuni. Tafuta tofauti ya nyuzi kati ya upepo unakotoka na barabara inakoelekea, kisha:

- nyuzi 15: robo ya upepo wote
- nyuzi 30: nusu
- nyuzi 45: asilimia 70
- nyuzi 60: karibu asilimia 90
- nyuzi 90: wote

Mfano. Barabara ni namba 14, yaani inaelekea nyuzi 140. Upepo unatoka nyuzi 180, noti 20, mivumo inafika 28. Tofauti ni nyuzi 40, kwa hiyo chukua kama theluthi mbili. Upepo wa ubavuni ni noti 13, na mvumo ukija ni noti 18. Wengi huandika 13 na kuisahau 18. Fanya uamuzi kwa 18, kwa sababu mvumo hauchagui dakika ya kuja, na unaweza kukukuta magurudumu yako nusu mita juu ya ardhi.

Kitabu cha Cessna 172 kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni. Cha Caravan, Cessna 208, kinataja 20. Namba hizo zinaonyesha kiasi ambacho ndege ilijaribiwa nacho ikafaulu; hakuna aliyesema kwamba kwenye 16 inapinduka. Ila aliyeijaribu alikuwa rubani wa majaribio, mwenye ndege isiyo na breki iliyolika upande mmoja, na hakuwa ametoka safari ya saa tatu.

Kwa hiyo jiwekee mpaka wako mwenyewe, uuandike, tena ukiwa nyumbani. Kwa aliyepata leseni juzi, nusu ya namba ya kitabu inatosha: noti saba au nane kwa Cessna 172, mivumo ikiwa ndani yake. Uupandishe ukiwa na mkufunzi pembeni. Mpaka unaoamuliwa wakati kiwanja kiko mbele ya pua huwa unapanda wenyewe.

Saa ya kufika

Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua hapa, uwe huu. Kiangazi, panga kufika Sumbawanga kabla ya saa tatu asubuhi. Kati ya saa tano na saa kumi jioni, tarajia ugumu. Jioni upepo hupungua tena, lakini hapo unashindana na giza, na mwenye haraka ya giza hutua hata pale asipopaswa kutua.

Uliza hali ya hewa kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuondoka, kisha piga simu kwa mtu aliye kiwanjani. Muulize mambo yanayoonekana: miti inayumba? vumbi linaelekea wapi? mfuko wa upepo umenyooka au unaning'inia? Ukimuuliza tu "upepo upo?", atakujibu "upo kidogo", na huo "kidogo" wa mtu aliyezaliwa Ufipa ni mwingi.

Mafuta nayo yapigiwe hesabu ya kutotua. Kwa mstari wa moja kwa moja, Mpanda iko kilomita 185 hivi kutoka Sumbawanga na kiwanja cha Songwe zaidi ya 200. Kwa Cessna 172 hiyo ni kama saa moja kwenda Mpanda, na zaidi ya saa kwenda Songwe. Ongeza juu yake akiba ya dakika 45. Asiye na mafuta hayo ameshaamua kutua Sumbawanga, upepo upende usipende.

Soma kiwanja ukiwa juu

Pita juu ya kiwanja kwanza. Angalia:

- Moshi. Matanuri ya matofali na moto wa nyika husema ukweli. Moshi unaolala chini kabisa na kukimbia ni onyo.
- Vumbi nyuma ya magari kwenye barabara za changarawe.
- Mfuko wa upepo. Mingi hunyooka kabisa kwenye noti 15 hivi; baada ya hapo haikuambii zaidi, noti 16 na 30 zinafanana. Mfuko uliochanika au uliokakamaa kwa jua unaongopa.
- Safu za mikaratusi na majengo upande unaotoka upepo. Nyuma yake hewa huzunguka, na unaweza kupita kwenye utulivu ghafla, kisha ukapigwa tena baada ya mita 50.
- Ng'ombe, mbuzi, baiskeli na watoto. Usije ukagundua unatakiwa kughairi ukiwa umeshapoteza mwendo.

Msimu wa mvua ongeza jambo moja: wingu zito lenye mvua karibu na kiwanja. Hewa baridi inayomwagika kutoka ndani yake hutambaa mbali na mvua yenyewe na kugeuza upepo kwa dakika moja. Kaa mbali, zunguka, subiri nusu saa. Ngurumo za mchana nyingi hupita.

Kushuka

Punguza flapu ikiwa kitabu cha ndege yako kinaruhusu. Flapu nyingi huupa upepo mahali pa kushika. Ongeza kwenye mwendo wako nusu ya tofauti ya mivumo: upepo ukiwa 20 na mvumo 28, tofauti ni nane, ongeza noti nne. Usiongeze 15 "kwa usalama". Mwendo wa ziada ndio unaokufanya uelee juu ya barabara huku upepo unakusukuma pembeni.

Kushuka kwenyewe, elekeza pua kwenye upepo na uiache ndege iende upande upande kama kaa. Kwa upepo wa ubavuni wa noti 15, pua itakuwa nje ya mstari kwa nyuzi kama 12. Ukiizoea picha hiyo, haikutishi.

Kwenye futi 300 hivi fanya jaribio. Laza bawa la upande unaotoka upepo, kwa usukani, huku ukibonyeza pedali ya upande wa pili mpaka pua ilingane na barabara. Ndege ikibaki juu ya mstari wa katikati, endelea. Pedali ikifika mwisho na pua bado inagoma kunyooka, upepo huo umeushinda usukani wa mkia wako. Hakuna ufundi wa mkono utakaoongeza chuma kwenye mkia. Ondoka.

Ukigusa, gurudumu la upande wa upepo litangulie. Utalisikia likilia kidogo, kisha la pili linashuka lenyewe, mwisho la mbele. Wanafunzi wengi huogopa kutua kwa gurudumu moja, na woga huo huwafanya wanyooshe mabawa dakika ya mwisho. Papo hapo ndege inaanza kuteleza kuelekea ukingoni.

Magurudumu yameshagusa

Hapa ndipo mwanafunzi anapovuta pumzi na kulegeza mikono, na hapa ndipo ndege ndogo nyingi zinapoharibika. Mwendo unavyopungua, eleroni, vile vibapa vya nyuma ya mabawa, vinapoteza nguvu. Kwa hiyo unatakiwa kuongeza usukani kuelekea upepo kadiri unavyopunguza mwendo, mpaka ufike mwisho kabisa na uushikilie hapo. Wengi hufanya kinyume: wanaurudisha katikati. Bawa la upande wa upepo linanyanyuka, uzito unahamia gurudumu moja, mkia unashika upepo na pua inageuka kuufuata. Hapo rubani anakanyaga breki kwa hofu, na lile gurudumu lililobeba uzito ndilo linalong'ata.

Utaratibu ni huu:

1. Macho mwisho wa barabara, wala si kwenye pua.
2. Pedali zinyooshe ndege, miguu isitulie.
3. Usukani kuelekea upepo, uzidi kuuongeza.
4. Breki baada ya magurudumu yote matatu kukaa sawasawa, tena kidogo kidogo.
5. Usikunjue wala kukunja kitu chochote mpaka uwe umetoka barabarani. Flapu zinasubiri.

Unapotembea kwenda kuegesha, upepo bado ni wako. Ukitoka mbele-ubavuni, geuza usukani kuelekea upepo. Ukitoka nyuma-ubavuni, geuza usukani upande wa pili na uusukume mbele. Huo wa nyuma-ubavuni ndio hatari zaidi kwa ndege yenye mabawa ya juu, kwa sababu unaingia chini ya bawa na chini ya mkia kwa pamoja. Kona zote zichukue taratibu. Ukizima injini, weka vizuizi vya magurudumu na uifunge ndege kamba kabla hata ya kusalimiana na wenyeji. Watakusamehe.

Kughairi kunavyofanywa huku juu

Ghairi bila mjadala iwapo:

- hujatulia kwenye mstari na mwendo wako ufikapo futi 300
- theluthi ya kwanza ya barabara imepita na bado unaelea
- ndege imegusa na kuruka tena
- ndege inasogea pembeni wakati wa kugusa, hata kidogo

Kosa la watu wa pwani nimeliona mara nyingi: wakikaribia kutua wanasukuma kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta mpaka mwisho, kama walivyozoea Dar es Salaam. Kwenye hewa nyepesi injini inapata mafuta mengi kupita hewa, na ukiomba nguvu zote inakohoa. Weka mchanganyiko wa kimo hiki kabla ya kuanza kushuka. Hata hivyo, injini isiyo na tabo itakupa karibu robo tatu tu ya nguvu zake siku ya joto. Kwa hiyo sukuma nguvu zote, shusha pua ipate mwendo, punguza flapu kwa hatua, na usijaribu kupanda kwa haraka. Ndege itapanda polepole. Ndiyo sababu uamuzi uwe wa mapema, ukiwa bado na barabara ndefu chini yako.

Ukighairi mara mbili kwa upepo ule ule, usijaribu ya tatu. Nenda Mpanda au Songwe.

"Lakini..."

*Lakini ndege kubwa zinatua upepo ukiwa mkali.* Zina uzito, nazo pia zina mwisho wao. Tarehe 1 Machi 2008 huko Hamburg, Ujerumani, Airbus A320 ya Lufthansa ilipigwa na upepo wa ubavuni wakati wa kutua na ncha ya bawa lake ikagusa barabara. Marubani walighairi, wakapanda, wakatua salama kwenye barabara nyingine iliyoendana zaidi na upepo. Walikuwa na barabara nyingine.

*Nikitua kwa upande wa pili wa barabara?* Upepo wa ubavuni unabaki vile vile, ila sasa unapata na wa mkiani. Kitabu cha Cessna 172 kinataka uongeze asilimia 10 ya umbali wa kutua kwa kila noti mbili za upepo wa mkiani. Noti 10 ni nusu nzima ya umbali, na kimo cha Ufipa kimeshachukua sehemu yake.

*Si viwanja vinawekwa lami sasa?* Heri, na nimefurahi kama wengine. Sumbawanga ilikaa na changarawe kwa miaka mingi. Ila kwa upepo wa ubavuni changarawe ina huruma: ukigusa ukiwa umepinda kidogo, tairi linateleza na ndege inanyooka. Lami inalishika tairi hapo hapo, na mzigo wote unakwenda kwenye miguu ya ndege au unaivuta pembeni. Aliyezoea kutua ovyo kwenye changarawe atajulikana siku ya kwanza ya lami.

*Mkufunzi wangu alinifundisha kwa kaa mpaka mwisho, kisha kunyoosha pua kwa pedali wakati wa kugusa.* Ni njia halali na wengi wanaitumia. Kwa mwenye saa chache kwenye upepo wa mivumo, mimi napendelea bawa lililolazwa mapema, kwa sababu linakuonyesha kabla ya kugusa kama unamudu au humudu.

Kwa abiria na wanaokodi ndege

Mganga anayepeleka dawa, mwekezaji, kiongozi mwenye mkutano, padri, mtalii anayekwenda maporomoko ya Kalambo: kila mmoja ana sababu nzuri ya kufika leo. Rubani anazijua sababu hizo. Ukimkumbusha mara ya tatu angani, hujamsaidia.

- Taja uzito wenu na wa mizigo bila aibu. Gunia la mchele la kupeleka nyumbani lihesabiwe.
- Kubali kuondoka alfajiri. Malalamiko ya usingizi yaishie mezani kwa chai.
- Funga mkanda mpaka injini izimwe, si mpaka magurudumu yaguse.
- Ndege ikinguruma na kupanda tena, nyamaza. Usimguse rubani, usimuulize. Ana mikono miwili na miguu miwili, na yote inafanya kazi.
- Wapokeaji, kaeni nje ya barabara ya ndege na mwondoe mifugo na baiskeli mapema. Anayejipanga kwa upepo wa ubavuni hana nafasi ya kumkwepa mbuzi.

Usimpe rubani fedha ya ziada ili "ajaribu tu". Andaa gari. Barabara ya lami inafika Sumbawanga kutoka Tunduma, na aliyelazimika kushukia Songwe anaweza kumalizia safari kwa gari siku hiyo hiyo. Na kama mgeni wenu ana kikao cha saa nne asubuhi mwezi wa saba, mleteni siku moja kabla.